Fimbo Inayokatika Kwenye Skrini ya Mama

Siku mama yangu alipotulalamikia kwamba tumempunja chakula ndipo nilipoelewa ugonjwa ulikuwa umemfanya nini. Alikuwa ametoka hospitalini karibuni. Kiharusi kilimwachia mguu mzito na mdomo uliopinda kidogo, na sisi tulimshukuru Mungu kwamba anaongea, anadai chai, na anatukana kama zamani. Nikampakulia matoke na samaki, sahani ikajaa. Akala, kisha akaisukuma sahani mbele na kunikazia macho.

"Wewe, mimi mgonjwa, si mfungwa. Hii ndiyo chakula ya kumpa mama yako?"

Nikaitazama sahani. Nusu ya kulia ilikuwa safi kabisa, mchuzi wote umepanguswa kwa kidole. Nusu ya kushoto ilikuwa na matoke yake vilevile nilivyoyapakua, na kipande cha samaki hakijaguswa hata mwiba. Niliizungusha tu.

"Eh!" akasema. "Ilikuwa wapi hii?"

Akaendelea kula kwa furaha, hana habari. Mimi nikaenda jikoni, nikawa naosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa, na machozi yananitoka.

Daktari alitueleza kwa upole. Macho ya mama ni mazima, alisema. Kilichoumia ni ile sehemu ya kichwa inayokumbuka kwamba dunia ina upande wa kushoto. Kwa hiyo kushoto kwake si giza. Kwake kushoto hakupo, na mtu hatafuti kitu ambacho hajui kama kimepotea. Ndiyo maana alikuwa anagonga bega mlangoni, anavaa kandambili moja na kutoka nayo, na ukimwamkia umesimama upande huo anaitikia huku akikutafuta kulia. Nilimsikiliza daktari nikiwa nimekunja ngumi. Mwanamke aliyepiga tarumbeta katika bendi ya polisi miaka na miaka, aliyetulea katika kambi ya polisi kwa "kushoto, kulia, kushoto" hata tulipokuwa tunakwenda kuoga, ndiye wa kunyang'anywa kushoto? Ningejua nani wa kumgombeza ningemgombeza siku ileile. Hasira ninazo, sikuzitoa mbali.

Lazima niseme kidogo kuhusu huyu mama, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini nilihangaika namna ile. Sisi ni watu wa kaskazini, tumezaliwa kambini hapahapa Kampala. Baba alikuwa Mwislamu, Mungu amrehemu, mama ni Mkatoliki, na majirani walikuwa wa kila kabila unalolijua. Pale kambini bila Kiswahili hata chumvi usingeweza kuomba. Mjini ni kisa kingine. Ukiongea Kiswahili sokoni Nakasero mpaka leo kuna mtu atashika mfuko wake, anadhani umetumwa kumwibia au kumkamata, kwa sababu hapa Kiswahili kilijulikana kama lugha ya askari na majambazi. Mama hilo halikumsumbua kamwe. Alikuwa anapatana bei za nyanya kwa Kiswahili cha kambini, kifua mbele, na akina mama wa Kiganda walimjibu kwa Kiganda, na nyanya alipata. Alipostaafu akapanga nyumba Ggaba, juu kidogo ya mwalo ambako wavuvi hushusha samaki, akaanza kuwafundisha vijana wa parokia kupiga tarumbeta. Vijana waliokuwa hawawezi hata kupuliza mshumaa, baada ya muda wakawa wanaongoza maandamano ya Pasaka na watu wanatoka madukani kuwatazama. Hiyo ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote. Alikuwa anasema kambini alipiga kwa amri, hapa anapiga kwa moyo.

Sasa kaka yangu. Yeye ni mwanajeshi, anaishi karibu na Arua, na ana nyumba kubwa kijijini kwetu. Alipoona mama anavyogonga milango alikata shauri upesi, kama wanavyofundishwa jeshini.

"Barabara ya Ggaba itamuua," aliniambia. "Gari likitokea kushoto atalionaje? Wewe unashinda kazini. Bora aje kwangu, kuna ua, kuna wajukuu, hakuna magari."

Hakukosea, na hilo ndilo lililoniuma. Mama alipoambiwa alicheka kwanza, kisha akaona hatucheki.

"Huko nitafundisha nani tarumbeta? Mbuzi?"

Tukapatana hivi: atakaa kwanza, afanye mazoezi, na Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa kaka atakuja na gari. Kama upande wa kushoto umerudi, mama atabaki nyumbani kwake. Kama haujarudi, atapanda gari. Mama alikubali kwa kutikisa kichwa. Mama hakuwa mtu wa kutikisa kichwa. Alikuwa mtu wa kujibu. Nikajua ameogopa.

Zoezi lenyewe lilikuwa rahisi. Dada wa mazoezi pale kliniki alichukua kalamu, akaishika kulia ambako mama anaona, akaisogeza polepole kwenda kushoto. Mama aifuate kwa macho mpaka mwisho, bila kugeuza shingo. Tena na tena, kila siku. Alituambia jambo jingine nililolishika: kitu kinachotembea huuamsha ule upande uliolala kuliko kitu kilichotulia. Siku za mwanzo mama alifuata kalamu. Baadaye akachoka na kalamu, akachoka na mimi ninayeishika, akaanza kufumba macho na kusingizia usingizi.

Mimi kazi yangu ni kwenye maabara ya kompyuta, upande wa Kyambogo. Natengeneza mashine ambazo wanafunzi wameziharibu, na nikipata nafasi nawaonyesha wanaoanza namna ya kuandika programu ndogondogo. Nikajiambia, kwa nini nishike kalamu wakati kompyuta haichoki wala haigombani na mzee? Nikachukua kompyuta moja kuukuu ya mezani na skrini yake pana, vitu ambavyo maabara ilikuwa imevitoa, nikavipeleka Ggaba kwa bodaboda, skrini nimeikumbatia kama mtoto. Nikaandika programu: skrini nyeusi, na juu yake mstari mweupe mnene uliosimama wima, kutoka juu mpaka chini. Mstari unaanzia kulia, unatembea kwenda kushoto, na ukifika ukingoni mama abonyeze kitufe, tarumbeta ilie. Kulia nikaufanya utembee taratibu sana. Ukivuka katikati nikaupa hatua ndefu, uharakishe, nikikumbuka yale maneno ya dada wa kliniki. Mama alipouona tu akaupa jina. "Hiyo fimbo ya mkuu wa bendi," akasema. Basi ikawa fimbo.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Fimbo haikutembea, ilipepesa. Skrini nzima ilikuwa inapepesa, nyeusi, nyeupe, nyeusi, utafikiri taa ya baa inayotaka kuungua.

"Toa! Toa hiyo kitu!" mama akapiga kelele, mikono usoni. "Unataka kuniua mara ya pili?"

Nikachomoa waya wa umeme kabisa, maana daktari alikuwa ametuonya tujihadhari na mwanga unaopepesa, kwa mtu aliyetoka kwenye kiharusi unaweza kumletea degedege. Nilikuwa nimetaka kumsaidia mama na nimemwekea sumu mezani.

Kesho yake nikamwonyesha rafiki yangu. Tunafanya naye kazi chumba kimoja. Ni Mkongomani, mwanamke wa Bukavu, alikuja kama mkimbizi, akasomea hapa, na sijaona mtu anayeisoma programu ya mwenzake kwa upendo kama yeye. Mwingine hukuonyesha kosa lako ili ujue kwamba yeye anajua. Huyu huvuta kiti, hunyamaza, hufuata kila mstari kwa kidole kama anayesoma barua kutoka nyumbani. Akafika pale niliposema: futa skrini yote iwe nyeusi, chora fimbo, futa tena, chora tena. Akaanza kucheka.

"Dada yangu, unapondea ndizi mbele ya bageni!"

"Unasema nini wewe?"

"Baganda banafunika matoke yao mu majani, si ndiyo? Wakati banaponda, weye unaona? Hauone. Unaona tu wakati inafika ku meza, imeshaiva. Weye unafutia mbele ya mama, unachorea mbele ya mama. Njo maana anaona ile weusi yote ya katikati."

Na kweli ilikuwa hivyo. Kila nilipofuta, kwa kitambo kidogo kuliko kufumba jicho, skrini ilikuwa tupu, na jicho la mama liliuona ule utupu. Dawa yake ni kuwa na kurasa mbili katika kumbukumbu ya kompyuta. Moja iko mbele, mtu anaitazama. Nyingine imejificha nyuma, na huko ndiko unakofuta na kuchora na kukosea upendavyo. Ukimaliza, unazibadilisha kwa mkupuo: ya nyuma inakuja mbele ikiwa kamili, ya mbele inakwenda nyuma ikachafuliwe. Mtazamaji haoni jikoni hata siku moja.

Sijui nani alilifikiria jambo hili kwanza. Pengine ni wengi, kila mmoja kwenye chumba chake. Lakini nilipoliandika na kuliwasha pale maabara, na ile fimbo ikateleza laini juu ya weusi bila kupepesa hata kidogo, niliinuka kwenye kiti nikapiga makofi. Ningemjua ningemnunulia soda na chapati. Mtu aliyekaa akafikiria jicho la mtu mwingine asiyemjua, akasema asimwonyeshe fujo zake, amwonyeshe kazi iliyokwisha: huyo kalelewa vizuri.

Mama naye akaipenda. Akaniita jina langu la utotoni, jambo ambalo hulifanya mara chache, na akaketi mbele ya skrini kila alasiri na kikombe chake cha chai, anafuata fimbo, anabonyeza, tarumbeta inalia, anaikosoa tarumbeta. "Huyo aliyepiga hiyo noti hana mapafu." Mwanzoni alikuwa anaipoteza fimbo ikifika katikati, anabaki ametazama hewa. Baadaye akawa anaifuata mbele kidogo, au mimi nilidhani anaifuata. Pengine alikuwa anabahatisha kwa kusikiliza muda unavyokwenda, maana mwanamuziki humdanganyi kwa mapigo. Sikuwa na njia ya kujua.

Ndipo wiki ile ya mwisho kabla ya kaka kuja akaniambia kitu.

"Fimbo yako inakatika."

"Inakatikaje, Mama?"

"Inakatika. Juu inabaki nyuma, chini inatangulia. Kama mtu amevunjika kiuno."

Nikasimama nyuma yake nikatazama fimbo ikipita mara mbili tatu. Nzima. Nikaifungua programu ileile kwenye kompyuta yangu ya mkononi, nikatazama mpaka macho yakaniwasha. Nzima, imenyooka, haina hata ukucha wa ufa.

"Mama, haijakatika."

"Mimi naona."

"Leo unaona?"

"Wewe mtoto, usinifanye mjinga. Naona inakatika."

Kichwani mwangu likawa jambo moja tu: daktari alikuwa ametuambia tukimsikia anasema vitu vinavunjika, vinakuwa viwili, vinapinda, tumkimbize hospitalini, maana huenda kiharusi kinarudi. Nikampima mikono, nikamwambia atabasamu, nikamwambia ainue mguu. Akainua mguu akataka kunipiga nao teke. Mzima. Lakini nilimpigia simu kaka, sikuweza kulibeba peke yangu, na ndilo jambo ambalo mama hakutaka nilifanye.

"Basi imekwisha," kaka akasema, na sauti yake haikuwa ya amri, ilikuwa ya mtoto. "Sasa anaona vitu ambavyo havipo. Jumamosi ninakuja. Mfungie nguo zake."

Mama alikuwa ameketi hatua chache tu kutoka kwangu, amesikia yote. Akazima skrini yeye mwenyewe.

Nilimweleza rafiki yangu nikiwa nimeshakata tamaa, nalia kama mtu aliyefiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema pole, si mtu wa pole za haraka. Aliuliza:

"Ile fimbo unaiona na macho yako, ao unaiona na kamera?"

"Kamera ya nini?"

"Kamata telefone. Filme ile ekra, ile skrini ya mama, si ya kwako. Kisha uangalie polepole."

Nikarudi Ggaba alasiri ileile. Mama alikuwa amelala, au amejilaza. Nikawasha kompyuta kuukuu, nikaweka simu kwenye kirundo cha vitabu vya nyimbo, nikarekodi fimbo ikipita, kisha nikaicheza ile video polepole sana. Fimbo ikatoka kulia, inatembea. Ikavuka katikati. Na hapo, banange! Nikaiona. Imekatika. Kipande cha juu kimebaki nyuma, cha chini kimetangulia, na kati yao mkato ulionyooka kama uliokatwa kwa wembe. Kama mtu aliyevunjika kiuno, vilevile alivyosema.

Nilipiga kelele nikamwamsha. "Mama! Inakatika!"

"Si nilikuambia," akajibu kutoka chumbani, amenuna. "Lisemwalo lipo."

Ningeweza kumbeba mgongoni. Kichwa chake kizima, mashine ndiyo mgonjwa! Nikamtumia rafiki yangu ile video, naye akanieleza ugonjwa wenyewe kwa simu. Skrini haionyeshi picha yote kwa pamoja. Inaichora kutoka juu kwenda chini, mstari baada ya mstari, upesi mno, na ikifika chini inarudi juu inaanza upya, haimngoji mtu. Mimi nilikuwa nabadilisha kurasa zangu wakati wowote ninapomaliza kuchora, bila kuuliza skrini imefika wapi. Nikiibadilisha ikiwa katikati ya safari, basi juu inakuwa imeshachora fimbo ya zamani, na chini inachora fimbo mpya iliyokwisha sogea. Hapo ndipo inapochanika. Kompyuta yangu ya mkononi ni ya kisasa, ina adabu, inangoja yenyewe bila kuambiwa. Ile kuukuu ya mama haingoji. Kwa hiyo ile ya mama niliitupia jicho mara mbili tatu tu, nikaikodolea mashine isiyoumwa na kusema hakuna ugonjwa.

Dawa ni mstari mmoja tu wa programu: ngoja skrini imalize mpaka chini, na katika kile kinafasi kidogo kabla haijaanza tena juu, badilisha. Nikauandika. Fimbo ikanyooka. Nikarekodi tena, nikatazama polepole, imenyooka kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa nimefurahi, nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwambia kaka: haoni vitu visivyokuwepo, vilikuwepo. Hilo peke yake lingetosha kunipa usingizi. Lakini halikutosha kumbakiza mama Ggaba. Kaka angesema sawa, hana wazimu, na kushoto je?

Kesho yake maabara nilimkuta rafiki yangu bado anaitazama ile video ya kwanza, ile yenye mkato. Anairudisha, anaicheza, anairudisha.

"Ju ya nini kuume haikatike?" akauliza.

"Inakatika pia. Ila kulia inakwenda taratibu, kila hatua ni nyembamba kama uzi. Juu na chini hazipishani vya kutosha, hakuna jicho litakaloona. Huku kushoto niliipa hatua ndefu, kwa hiyo..."

Yeye alikuwa ameshaelewa kabla yangu, alikuwa amenitumbulia macho anangoja nifike.

"Maliza," akasema.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya maabara, wanafunzi wanapita, wananishangaa. Ule mkato hauonekani kulia. Hauwezi kuonekana kulia. Unaonekana kushoto tu, kule ambako mama yangu alikuwa hana dunia. Na yeye alikuwa ameuona, kwa macho yake, bila kamera, akaueleza juu na chini, akabishana na mimi niliyekuwa na pande zote mbili. Mungu wangu! Alikuwa ananiletea habari njema na mimi nikampima mikono.

Sikumwambia kitu mama. Nilitaka, lakini niliogopa nisije nikamfundisha jibu. Nilitaka kaka ajionee.

Jumamosi kaka alikuja mapema na pikapu ya kuazima na dereva wake. Alitaka wavuke daraja la Karuma kabla ya jioni, kwa hiyo gari lilibaki linanguruma nje, moshi unaingia mpaka sebuleni. Sanduku la mama lilikuwa limeshapakiwa. Tarumbeta yake hakuipakia. Ilikuwa kitandani, na nilipomuuliza alisema mbuzi hawahitaji. Alikuwa amevaa gauni lake la kwenda misa, ameketi wima kwenye kiti mbele ya skrini iliyozimwa, mikono mapajani. Hakutukana hata mtu mmoja tangu asubuhi. Ukimya wake ulinitisha kuliko siku ya kiharusi.

"Kaka," nikasema, "nipe dakika chache kabla hamjaondoka."

"Tumeshaongea haya."

"Hatujaongea haya."

Nikawasha kompyuta. Kisha nikafanya jambo ambalo mtu wa kazi yangu hulifanya kwa kusitasita: niliiharibu kazi yangu. Nikaufuta ule mstari wa kungoja, mkato urudi. Nikamwomba mama afuate fimbo kama kila siku, bila kugeuza shingo. Kaka alisimama nyuma ya kiti chake, mikono nyuma, mtu wa kumaliza upesi. Fimbo ikatoka kulia, ikatembea. Mama kimya. Ikavuka katikati.

"Imekatika," mama akasema.

Kaka akanitazama kwa huzuni, kama anayesema unaona?

"Tena hapo. Imekatika."

"Wapi, Mama?" kaka akauliza kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa.

"Hapo."

Kaka akainama. Akakaza macho, yale macho ya jeshini. "Mimi sioni kitu."

"Mwenye macho haambiwi tazama," mama akasema. "Wewe unaambiwa na bado huoni. Leta kidole." Akamshika kaka kidole, akangoja fimbo ije, akakipeleka moja kwa moja mpaka upande wa kushoto wa kioo, karibu na ukingo, akakigandamiza pale pale mkato ulipopita. "Hapo. Umeona?"

Fimbo ilipita mara nyingine na nyingine. Kisha nikamwona kaka ameshtuka, kichwa kimerudi nyuma. Ameuona. Nikamweleza upesi, maneno yanagongana: kwamba mkato ni wa kweli, kwamba ni kosa la mashine, kwamba hauonekani popote ila kushoto. Alinisikiliza, lakini askari haamini maelezo. Nilimwona anavyofikiria. Alikiacha kile kioo, akapiga hatua bila sauti kuzunguka kiti cha mama, taratibu, viatu vizito vile havikulia hata kidogo, mpaka akawa upande wake wa kushoto, karibu na ukuta, pale ambapo tangu atoke hospitalini ungeweza kusimama ukacheza ngoma na yeye asijue. Akasimama hapo. Akauinua mkono wake juu polepole, vidole vimekunjuliwa, na akangoja.

Mama alikuwa anatazama mbele, fimbo inapita. Nilisikia gari nje na sauti za wauza samaki kutoka chini mwaloni, na sikusikia kitu kingine.

"Shusha huo mkono, afande," mama akasema, hakugeuza shingo. "Nakuona."

Kaka aliubakiza mkono juu kitambo, kama amesahau ni wake. Kisha akaushusha, akajifuta uso kwa kiganja, akatoka nje kumwambia dereva azime gari na arudishe sanduku ndani.